Kufundisha kompyuta kwa kofia, bao na mashairi: watoto watajifunza kweli ama ni mapambo tu?

Mwalimu_wa_Gatini (Lamu)

Assalaam aleikum jamani. Nafundisha JSS (Gredi 7 mpaka 9) hapa Lamu, somo langu hasa ni hisabati lakini nikapewa na Pre-Technical, somo lenye kompyuta ndani, kwa sababu nlikuwa na laptopu yangu mwenyewe, mnajua mambo ya shule zetu, ukionekana umeshika mausi bas wewe ndo mtaalamu. Sasa shida iko hivi. Laptopu za shule zinazowaka ni chache, zingine chumvi ya bahari ishazila pale kwa tundu la chaja, na watoto wanasoma kompyuta kwa kuikariri. Ukimuuliza mtoto CPU ni nini anakujibu bila kupumua. Ukimwambia haya, andika maagizo ya kumtoa mwenzako hapa mlangoni mpaka kwa ubao bila kugonga dawati, na mwenzako amefungwa macho, kimya.

Nimesomasoma kuhusu kufunza kodingi kwa kuichanganya na sanaa, lugha na kazi za mikono, na nikiangalia hapa kwetu vitu viko tele. Kuna kijana wa Gredi 8 anashona kofia ya vito chini ya dawati akidhani simuoni, na hesabu ya maua yote iko kichwani hajaandika popote. Kuna wanaocheza bao barazani na babu zao. Kuna wanaosoma kasida, na masikio yao yanajua mizani ikizidi hata moja.

Lakini naogopa kitu. Sitaki iwe tunachora mlango wa Lamu kwa Paint halafu tunasema tumefunza kompyuta. Nataka mwisho wa muhula mtoto ajue lupu (maagizo yanayojirudia) ni nini, sharti (ikiwa hivi fanya vile) ni nini, data ni nini, na maagizo yake yakikosea aweze kulitafuta kosa mwenyewe. Nyinyi mliojaribu mlianzia wapi? Na mkuu wa shule mlimwambiaje, manake wangu ashaniuliza "hizo kofia ziko kwa mtihani?"

Uzi_na_Sindano (Langoni, Lamu)

Waleikum salaam mwalimu. Huyo kijana usimnyang'anye kofia, mpe daftari la mraba.

Mimi nashona kofia tangu udogoni na chuoni nikasomea IT, kwa hivo hili jambo naliona kutoka pande zote mbili. Kofia ni vipande viwili, duara la juu na mkanda unaozunguka kichwa, na mkanda ndo wenye somo. Ua moja linajirudia mpaka linakutana na pale lilipoanzia, na hapo ndo wanaoanza huumbuka, manake ua la mwisho ama halitoshi ama linabakisha nafasi. Tuseme kichwa kikubwa cha sentimita 60, miraba ya nusu sentimita, mkanda unapata miraba 120. Ua likiwa na upana wa miraba 10 yanaingia maua 12 kamili, hakuna baki, safi. Sasa mwambie mtoto mteja amekuja anataka ua pana kidogo, miraba 11. Yanaingia 10 na inabaki miraba 10, yani ua la kumi na moja linakosa mraba mmoja tu! Hapo atakuna kichwa. Hawezi kuongeza kichwa cha mteja. Anaweza kubana ua moja, anaweza kuacha nafasi ndogo kati ya ua na ua, anaweza kurudi nyuma akabadilisha ua lote. Kuna atakayekwambia "ticha tunabana lile la nyuma, nani ataona", na mafundi pia hufanya hivo usimkataze, mwambie tu aiandike hiyo kanuni: ukifika ua la mwisho fanya nini tofauti na mengine. Hilo ni sharti ndani ya lupu na amelifikia mwenyewe kabla wewe hujalitaja.

Wakishaielewa kwa karatasi nenda kwa mashine. Python, lugha ya kuandikia programu, ina moduli ya turtle inakuja nayo ndani, haitaki intaneti, unaipa amri nenda mbele hatua kadhaa, geuka nyuzi kadhaa, inachora. Kwenye klabu ninayosaidia watoto wanaiita kasa na wamemzoea. Duara la juu la kofia ndo kazi ya kasa: chora ua, geuka 360 gawanya kwa idadi ya maua, rudia. Maua 8 anageuka 45. Maua 7 namba inatoka na mkia mrefu wa desimali, usimwambie mtoto airaundi, aiache kompyuta igawanye yenyewe. Na akikadiria kwa macho akaandika 50 kwa maua 8 ataona ua la mwisho limelipanda la kwanza, na hapo hana haja ya kukuita, picha yenyewe ishamwambia.

Fikra ya kasa si ya juzi. Ilitokana na lugha ya Logo iliyoanza Marekani 1967, kazi ya Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, na tangu mwanzo walikuwa wanawafikiria watoto, si mainjinia. Kwa hivo akikuuliza mtu hii michoro ni ya nini mwambie iko kwa somo hili tangu wazee wetu hawajaona televisheni.

Ticha_Malindi

Naomba nipinge kidogo, msinichukie. Niko Malindi nafundisha kompyuta sekondari na hizi stori za ubunifu nimeziona zikija na zikienda. Mtu anakuja na semina ya siku moja, watoto wanapaka rangi, wanapigwa picha wameshika laptopu, picha zinaenda Facebook, jioni projekta inapanda gari inarudi ilikotoka. Jumatatu mtoto hajui tofauti ya kigeu (lile jina linalobeba thamani kwa programu) na thamani iliyo ndani yake.

Halafu kuna muda. Gredi 9 wana mtihani wa KJSEA. Sisi huku wa 8-4-4, ule mfumo wa zamani, bado tunao, mtihani wao wa KCSE wa mwisho ni 2027, na Kompyuta ina karatasi tatu, ya tatu ni projekti ambayo mtoto anaijenga kwa miezi huku anaiandikia ripoti. Hiyo projekti haiulizi kofia. Inataka mfumo wenye majedwali, fomu za kuingiza data na ripoti za kutoa. Mkuu wako hajakosea kuuliza, yeye ndo atakayeitwa matokeo yakitoka.

Lakini langu kubwa ni hili. Fundi kujua kushona si sawa na kujua kuprogramu. Huyo kijana wa Gredi 8 ujuzi anao mkononi, hajautoa nje akauweka pahali ambapo mtu mwingine anaweza kuufuata yeye mwenyewe akiwa hayupo. Kama hujamvusha hapo umempa dakika arubaini za kufanya kazi ambayo angeifanya nyumbani na akalipwa. Kipimo changu mimi: badilisha kitu kimoja kwa maagizo yake, halafu kabla hajayaendesha muulize nini kitatokea. Akikwambia sawasawa amejua. Akisema "hebu tuone ticha" hajajua bado, hata kama mchoro wake ni wa kutiwa fremu.

Mwalimu_wa_Gatini

Ticha hiyo ya kutabiri kabla ya kuendesha naichukua na asante, sikuwa nayo. Ila hiyo ya "angeifanya nyumbani" ngoja kwanza. Mimi shida yangu ni kwamba hao watoto wakiingia labu wanajiona wajinga, na wakitoka nje mikono yao inafanya hesabu ambazo mimi sizijui. Nataka wajue ni kitu kimoja. Uzi, hiyo ya miraba 120 na ua la 11 nimeijaribu hapa mezani na mke wangu, tumebishana mpaka chai ikapoa.

Maalim_Mstaafu (Pate, sasa Lamu)

Vijana mmeacha ushairi nje. Mimi nimefunza Kiswahili miaka mingi, hiyo mashine siijui kuiwasha wala kuizima, haya naandikiwa na mjukuu wangu. Yuko chuo, na likizo iliyopita tulikaa barazani tukajaribu jambo ambalo nadhani litamfaa mwalimu.

Utendi kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kina kina chake ambacho kinakwenda hivo hivo kila ubeti mpaka mwisho wa utendi. Hizo ni sheria, na nimeambiwa kompyuta hula sheria. Mjukuu akasema babu rahisi hii, silabi za Kiswahili zinaishia kwa irabu, tuhesabu irabu tu. Akaandika. Tukaipa "watoto wa Lamu", ikatoa 6, sawa kabisa. Nikampa "mtoto wa Lamu", ikatoa 5. Nikamwambia rudi, ile m ya mtoto ni mizani kamili, m-to-to, mghani yeyote wa hapa atakucheka.

Akatia sharti: m ikifuatwa na konsonanti hesabu moja zaidi. Nikampa "mbuzi", ikatoa 3. Kosa, ni mbu-zi. Akaitoa b. Akaitoa na w kwa ajili ya mwana na mwezi. Nikampa "nchi", ikatoa 1, akataka kuongeza n, nikamwambia taratibu, ndugu na ngoma n yake haisimami peke yake. Tukashinda hapo mpaka adhana ya alasiri na mjukuu hajashika simu ya wasapu hata mara moja, bibi yake akaja kuchungulia akidhani tunaumwa.

Kisha nikamtega. Nikamwambia ipe "mtu mbaya", halafu ipe "nyumba mbaya". Mashine ikasema 4 na 4. Sasa zisome kwa sauti. M-tu m-ba-ya, hiyo ni tano, m ya mbaya imesimama peke yake kwa kuwa inafuata ngeli ya mtu. Nyu-mba mba-ya, nne, hapo m imeshikana na b. Na mbuni ule mti wa kahawa ni mizani tatu, mbuni ndege ni mbili. Herufi ni zile zile moja kwa moja! Kwa hivo herufi peke yake hazitoshi, lazima programu ijue jina lililotangulia ni la ngeli gani, na ili ijue lazima mtu akae aitengenezee orodha ya majina na ngeli zake. Mjukuu alinyamaza kitambo halafu akasema babu, hii ndo kazi hasa ya watu wanaozifunza kompyuta lugha. Nikamwambia basi wangetuita mapema.

Mwalimu, wewe wape kwa karatasi tu bila mashine. Mtoto mmoja awe mashine, ana kanuni zake zimeandikwa na haruhusiwi kutumia sikio, anafuata kanuni hata akiona inampeleka pabaya. Mwenzake asome kwa sauti ahesabu kwa vidole. Wakitofautiana waitafute kanuni iliyokosa, waiandike upya, wajaribu maneno mengine kumi kuona kama hawajaharibu yaliyokuwa sawa. Hilo la mwisho watalisahau, uwasimamie.

Kete64

Maalim heshima yako, sikujua mbuni mbili zinatofautiana na nimezungumza Kiswahili maisha yangu yote.

Bao nalo msilisahau. Safu nne za mashimo manane, jumla 32, kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili yani mashimo 16, yape namba 0 mpaka 15. Ukitoka 15 unarudi 0, na hapo mtoto anakutana tena na ile baki ya kwenye kofia: ongeza moja, gawanya kwa 16, chukua kinachobaki. Kutakata ni lupu ya "mpaka": okota, sambaza moja moja, ya mwisho ikiangukia penye kete okota zote endelea, ikiangukia patupu umelala. Mtoto yeyote wa Lamu anaijua hiyo lupu, hajui tu kwamba anaijua.

Ila usianze na sheria zote, namua na nyumba na kichwa na mtaji, utalipoteza darasa. Anza na kutakata kwa safu zako tu. Na kwa programu weka kikomo cha mizunguko, manake kuna mpango wa kete unaoweza kuzunguka na kuzunguka bila kulala na laptopu ikabaki inaunguruma. Wazee barazani watabishana kila mmoja sheria zake ndo za asli, waache wabishane, watoto waziandike zote halafu waamue wanaprogramu za nani.

Bint_Matondoni

Mimi si mwalimu. Mamangu na mimi tunasuka ukili na kushona mikeka, tunauza. Nimeona mnazungumzia kazi zetu nikasema niingie.

Kwanza hiyo ya Ticha ni kweli, ukimuuliza mamangu anasukaje atakwambia "si hivi?" na mkono ushapita mara tatu. Kueleza ni kazi nyingine. Lakini kueleza kunafunzwa, na kwa ukili ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Kalisha watoto wawili migongo ikigusana. Mmoja ana kipande cha ukili kimesukwa tayari, rangi mbili, mfupi tu. Mwenzake ana vipande vya karatasi za rangi mlizokata virefu, miyaa yenyewe kwa wanaoanza inakata vidole na inakauka. Mwenye ukili anaeleza kwa mdomo tu, wa kulia pita juu ya miwili, ingia chini ya mmoja, na wa pili hafikirii chochote anafanya alichoambiwa. Dakika ya kwanza tu mtawasikia "kulia kwako ama kulia kwangu?" "huo mmoja wa juu ni upi, wewe umesema miwili!" Acheni wagombane. Mwisho wake watakubaliana wenyewe kuipa miyaa namba, na kuna mmoja atasema badala ya kurudia haya maneno kila mara tuseme tu "fanya hatua ya nne mara sita".

Na ikiharibika wasikate. Ukili unaufumua mpaka pale kosa lilipoingia, hufumui wote. Kulipata hapo penyewe ndo kazi, manake kosa huliona mbele, mistari kadhaa baada ya lilipotokea.

Pili naomba radhi nitasema. Waliwahi kuja watu kwetu na wanafunzi, sitataja ni wapi, wakapiga picha nakshi zetu kila upande, wakatuuliza maswali asubuhi nzima, wakaondoka na asante, baadaye nakshi tukaziona zimechapishwa kwa vitu vyao vya kuuza. Mkija na watoto njooni na daftari si simu, na mama mnayemkalisha saa mbili ana ukili wa kumaliza siku hiyo, mjue.

Mwalimu_wa_Gatini

Dada nimekusikia. Nikija na watoto tutakubaliana malipo kwanza ndipo tutie mguu kwenye boti.

Salma_K

Jamani swali dogo, Scratch, ile ya kuprogramu kwa kuunganisha vipande, ina Kiswahili? Dada yangu mdogo anaogopa Kiingereza cha Python.

Fundi_Labu (Malindi)

Salma iko, nenda penye mipangilio ya lugha utafute Kiswahili. Na kuna ile ya kuinstoli kabisa kwa mashine ukabeba kwa flashi, ukishaiweka haihitaji bando. Ilitengenezwa MIT, chuo cha Marekani, ilitoka 2007, ni bure. Kwa Gredi 7 mimi ningeanza na hiyo kabla ya Python manake vile vipande haviingii pasipo pake, makosa ya koma na mabano hayapo, mtoto anabaki na makosa ya mawazo tu ambayo ndo unayoyataka.

Mwalimu wa Gatini, mimi nashughulikia labu za shule huku, machache tu. Laptopu chache si mkosi, mashine moja watoto wawili ni bora kuliko mtoto peke yake, mmoja anashika kibodi na haruhusiwi kuamua, mwingine anaamua na haruhusiwi kugusa, kisha wanabadilishana. Chumvi: zikizimwa zitie kwenye ndoo ama boksi la plastiki lenye kifuniko, na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya msitupe. Feni ya labu ikivuta upepo wa kusi moja kwa moja kutoka baharini mnaziua wenyewe. Mambo aliyoeleza Bint Matondoni kuna mkusanyo mzima wa namna hiyo, michezo ya kufunza kompyuta bila mashine, CS Unplugged, waliuanza kina Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows New Zealand miaka ya 1990, unapatikana bure, lakini mfano wa ukili ni mzuri kuliko wa kadi zao kwa mtoto wa huku.

Nyinyi nyote mmeongelea maagizo, hakuna aliyegusa data. Hapo gatini kwako una data inakuja na kuondoka mara mbili kwa siku. Chukua mti mrefu, upake rangi kila sentimita 10, uufunge penye nguzo kwa ruhusa ya wenye gati. Watoto wasome maji kila siku saa ile ile, waandike saa, kina, na hali ya mwezi. Mwanzoni watasema namba hazina mpango, leo mengi kesho machache, kumbe saa ya kujaa inasogea kama dakika 50 kila siku kwa hivo saa nne ya leo si sawa na saa nne ya wiki ijayo. Wakichora grafu wataiona bamvua, yale maji makubwa, inatokea penye mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu katikati. Wavuvi watawaambia hayo bila grafu, lakini kazi iko kwa jedwali lenyewe. Kuna siku itakosekana kwa sababu ilikuwa Ijumaa na mtoto wa zamu alikwenda msikitini mapema, kuna mmoja atasahau nukta aandike mita 25 badala ya 2.5 na grafu yote italala chini kwa ajili yake. Waulize wafanyeje na siku iliyokosekana. Waijaze? Waiache? Wakadirie kutoka jana na kesho? Hapo wataongea mpaka kengele.

Ticha_Malindi

Narudi. Ile ya Maalim niliipeleka kwa Fomu 3 wangu, kwanza kwa karatasi. Walidhani ni mchezo mpaka tulipofika kwa mbaya. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, akaenda ubaoni akachora jedwali: safu ya jina, safu ya ngeli, na safu ya kusema m inasimama ama haisimami. Akauliza, mwalimu hili jedwali tukilijaza kila mtu maneno yake halafu programu iwe inaenda kulitafuta? Nikamwambia hiyo inaitwa database na ndo utakayofanyia projekti. Fomu ya kuingiza neno, utafutaji, ripoti ya maneno yaliyoleta utata. Kila kitu mtahini anachotaka kipo hapo.

Kwa hivo kwa mizani nimekubali, na kwa ukili pia. Kwa bao bado nina shaka kwa Gredi 7 na 8, sheria ni nyingi, na nimeona watoto wakishika kete hawarudi tena kwa somo. Na mwalimu usifanye haya yote. Chagua moja kwa muhula, ukalimalize mpaka mtoto aweze kutabiri. Ukichukua kofia na bao na utendi na bamvua kwa pamoja itakuwa ile semina niliyoisema.

Kwa mkuu usiende na neno ubunifu mdomoni, atakuona msanii. Mwambie silabasi ya kodingi kwa shule za msingi na sekondari iliidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala, 2022. Mwambie mtaala wa CBC unataka umilisi saba na ndani yake kuna ubunifu, kuna utatuzi wa matatizo, kuna ujuzi wa dijitali, na hiki kipindi kimoja kinagusa vyote vitatu na karatasi za ushahidi za kuweka kwa faili unazo. Wakuu wanapenda faili.

Kete64

Ticha hao watoto hawarudi kwa somo kwa sababu umewapa kete 64. Wape 16, moja kila shimo, upande mmoja. Utaniambia.

Ticha_Malindi

Sawa, nitajaribu. Sijaahidi.

Mwalimu_wa_Gatini

Nimeamua, muhula huu kofia, wa pili mizani na mwalimu wa Kiswahili ashakubali tugawane vipindi viwili. Mti wa maji nitawapa klabu. Uzi nina swali la mwisho: miraba 120 ni ya kichwa cha mtu mzima mkubwa, na mimi nataka kila mtoto afanye kofia ya kichwa chake mwenyewe ndo asikopi kwa jirani. Si kila mmoja atakuwa na hesabu yake? Nitasahihishaje?

Uzi_na_Sindano (Langoni, Lamu)

Ndo uzuri wake mwalimu, hakuna wa kukopi. Wapimane vichwa kwa uzi halafu uzi uwekwe kwa rula. Mwenye sentimita 54 ana miraba 108 na huyo ana bahati, inaingia kwa 6, kwa 9, kwa 12, achague ua analotaka. Kusahihisha usisahihishe wewe, kila mmoja aandike maagizo yake ampe mwenzake ayafuate kwa daftari jipya, mkanda ukifunga amepata, usipofunga warudi wote wawili watafute.

Ila atatokea mmoja wa sentimita 53, miraba 106, na hiyo haigawanyiki kwa kitu ila 2 na 53. Huyo mpe pole, mpe na karatasi za ziada.